Aliyelala Bendera Ikipanda

Panda, Likasi, Jumapili tarehe 4 Oktoba 1970

Kwa binamu yangu Hortense,

Nakusalimu, pamoja na mama yako Tantine Angèle na baba yako Tonton Urbain. Sisi hapa hatujambo. Baba bado anavunja mawe kule Kakontwe na anarudi mweupe kwa vumbi la chokaa, hata mbwa wetu humbwekea mpaka anawe uso.

Nakuandikia kwa sababu ya jambo zito. Katika maktaba ya shule nimekuta kitabu kuhusu pepo za dunia. Hakina jalada, na mchwa wamekula sura yote ya theluji, lakini sura ya vimbunga ni nzima. Nimeisoma mara nyingi. Sasa mvua zinakaribia, nami nafikiri juu ya Tonton Urbain na wavuvi wenzake huko kwenye ziwa la Tshangalele.

Kitabu kinasema hivi. Kimbunga kikikukuta nje, na hakuna nyumba imara karibu, usishindane nacho mbio, maana hakifuati barabara. Usijifiche chini ya mti, wala chini ya daraja, wala nyuma ya gari. Tafuta mahali palipo chini kuliko pengine pote, mtaro au shimo, ulale kifudifudi, ufunike kichwa na shingo kwa mikono. Mara nyingi kinachoua si upepo wenyewe, ni vitu ambavyo upepo umebeba. Uangalie pia maji, kwa sababu mvua ikifuata mtaro unaweza kujaa. Na walio ziwani watoke mapema, mara tu wingu linapoanza kuning'iniza mkia.

Tafadhali wasomee wavuvi. Ningekuja mwenyewe, lakini unanijua. Juzi mwalimu aliniita mbele ya darasa nitaje mito ya nchi yetu. Mito yote naijua. Sikutaja hata mmoja.

Binamu yako,
Firmin


Kapolowe, kando ya ziwa, tarehe 11 Oktoba 1970

Ee Profesa wa Upepo,

Barua yako imefika ndani ya kikapu cha Mama Berthe, yule anayeuza samaki wetu sokoni huko kwenu. Hii yangu itakuja chini ya samaki, kwa hiyo ikinuka usiseme ni mimi.

Nimewasomea kama ulivyoagiza. Nilipanda juu ya mtumbwi uliopinduliwa, nikasoma kama padri. Baba akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Kulala chini na kufunika kichwa? Hiyo njo tunafanyaka kila Jumapili jioni, pombe ikiisha, na upepo haiko!" Wavuvi wakacheka mpaka mmoja akaangusha nyavu majini.

Mama yeye hakucheka, alikasirika. Anasema kimbunga hakilaliwi, kinatukanwa. Unasimama mbele yake, mikono kiunoni, unakiuliza kinakwenda kwa nani, unakitajia ukoo wake wote mpaka kinaona haya na kupita kwa majirani. Anasema wewe ni mtoto wa kaka yake na anakupenda, lakini kitabu kisicho na jalada ni kama mtu asiye na suruali: usimsikilize mpaka avae.

Na weye, Firmin, unaogopa upepo ambao hujauona, unaogopa mwalimu ambaye unamwona, na wasichana sijui kama unawaona hata kidogo. Lini utatoka humo maktaba? Usikasirike. Mimi ni mtoto wa shangazi yako, na kwetu binamu wa namna hii wamepewa ruhusa ya kutukanana bure.

Hortense


Likasi, tarehe 19 Oktoba 1970
Ofisi ya Prefe wa Masomo

Kwa mwanafunzi Firmin, darasa la sita la sekondari
Jambo: Kuombwa maelezo

Asubuhi ya leo, Jumatatu, wakati wa kupandisha bendera, ambapo kila mtu, awe mwanafunzi au mpita njia, anatakiwa kusimama wima bila kutikisika, wewe ulitoka kwenye mstari, ukakimbilia mtaro ulio nyuma ya jiko la shule, ukalala humo kifudifudi, huku sehemu yako ya nyuma ikielekea bendera. Ulibaki katika hali hiyo mpaka mwisho wa wimbo wa taifa.

Mtu wa chama tawala aliyekuwapo ameuliza jina lako. Nililazimika kumtajia.

Unaombwa kueleza sababu za tendo hilo kwa maandishi kabla ya Jumatano mchana. Maelezo yasipotosheleza, utafukuzwa shuleni, na hutafanya mtihani wa serikali mwaka huu.

Usiandike kwamba kulikuwa na upepo. Upepo ulikuwa kwa wote.

Evariste, Prefe


Panda, tarehe 19 Oktoba, jioni

Hortense,

Kimekuja. Kile cha kitabuni.

Tulikuwa mstarini. Germain wa darasa letu alikuwa anavuta kamba ya bendera, polepole, kama Prefe, mkuu wetu wa shule, alivyomfundisha, ili ifike juu pamoja na neno la mwisho la wimbo. Kutoka upande wa kiwanda nikaona vumbi linasimama kama nguzo, jeusi, linazunguka, na ndani yake mifuko, matawi na kitu kama kuku. Nikatazama wenzangu. Kila mtu alikuwa ameona, na hakuna aliyetikisika. Huko barabarani mtu mmoja mwenye baiskeli alikuwa amesimama wima kwa heshima, na magunia yake ya makala ya kupikia yalikuwa yanaondoka moja moja nyuma yake. Hakugeuka. Mama anayeuza mikate alisimama wima pia, na mikate ikaenda zake. Wimbo uliendelea, ila maneno yalikuwa yamejaa mchanga.

Nilifungua mdomo niseme "Laleni." Hortense, haikutoka. Miguu yangu ikaenda peke yake mpaka mtaroni.

Nilipoinuka, bati la paa la karakana lilikuwa limechomeka kwenye ukuta wa jiko, kwa urefu wa kifua. Lilikuwa limepita juu ya mahali pangu. Germain alikuwa bado ameshika kamba, na sikio lake linatoka damu. Alishonwa zahanati. Anasema kuna wakati viatu vyake viliacha ardhi, na aliendelea kuimba.

Prefe anataka kunifukuza. Baba hajui, na usimwambie mtu yeyote. Tangu nilipoingia darasa la kwanza anasema katika nyumba yetu atakuwepo mmoja ambaye mbwa hatambwekea.

Firmin


Panda, tarehe 21 Oktoba 1970

Kwa Bwana Prefe,
Jambo: Maelezo yangu

Kwa heshima kubwa, naomba kueleza.

Umeniambia nisiandike kwamba kulikuwa na upepo, kwa hiyo sitauandika. Nitaandika tu juu ya vitu vilivyokuwa vinaruka. Kulikuwa na bati, mbao, magunia na kuku. Mtu aliyesimama ni mrefu, na vitu hivyo vinamkuta. Mtu aliyelala mahali pa chini ni mfupi sana, na vingi vinapita juu yake. Darasani tulikuwa mbali nako, na mti ulio karibu ungeweza kukatika, kama ulivyokatika. Mtaro ulikuwa mkavu. Nilihakikisha hilo kabla ya kulala, maana mtaro wenye maji ni hatari nyingine.

Kuhusu sehemu yangu ya nyuma, mtu akilala kifudifudi ni lazima ielekee mahali fulani. Sikuchagua. Naomba pia kuuliza, bila ubaya wowote, kama kuna uhakika juu ya uelekeo huo, kwa sababu nilipokuwa nakimbia nilikutana na miwani ya Bwana Prefe ikienda upande wa pili.

Naipenda bendera. Lakini nilifikiri kwamba yenyewe imefungwa kwa kamba, na sisi hatukufungwa.

Kosa langu ni moja, nami nalikiri: nilijua la kufanya, na sikuwaambia wenzangu. Sauti ilikataa kutoka. Sikio la Germain ni juu yangu. Kwa hilo naweza kuadhibiwa.

Mwanafunzi wako mtiifu,
Firmin


Kapolowe, tarehe 22 Oktoba 1970

Weye Firmin,

Andika malaria! Neno moja tu, ujanja wa kila mtu: "Nilishikwa na malaria, nikaanguka." Nani atakataa malaria Likasi? Usiandike kitu kingine. Usieleze. Nakujua, ukipewa karatasi unaijaza mpaka pembeni.

Nakuomba, malaria. Na kama Prefe ana miwani, msifu miwani.

Hortense


Likasi, tarehe 23 Oktoba 1970
Ofisi ya Prefe wa Masomo

Kwa mwanafunzi Firmin

Maelezo yako yamesomwa. Hayatoshelezi.

Unataja bati. Lakini bati lilifika baada ya wewe kulala. Kitu kilichokuja baadaye hakiwezi kuwa sababu ya kitu kilichotangulia. Hilo ulifundishwa katika somo la mantiki, na ulipata alama nzuri, ndiyo maana nasikitika.

Unasema bendera ilikuwa imefungwa na wewe hukufungwa. Sentensi hiyo sitamwonyesha mtu wa chama, kwa faida yako na yangu. Nimeikata kwa wembe.

Miwani yangu si somo letu.

Baraza la nidhamu litakutana Jumamosi tarehe 7 Novemba kuamua kama unafukuzwa. Barua imetumwa kwa baba yako kumwita.

Evariste, Prefe


Panda, tarehe 25 Oktoba 1970

Hortense,

Malaria yako imechelewa. Nilikuwa nimekwisha kujaza mpaka pembeni.

Sasa kuna baya zaidi. Barua ya Prefe ilimfikia Baba kule Kakontwe, na kwa kuwa iko kwa Kifaransa alimpa jirani yetu Mathieu amsomee. Mathieu alielewa tu "baraza", "shule" na "mtoto wako Firmin", kisha akamshika Baba mkono kwa nguvu. Wameamua kwamba napewa zawadi. Baba amenunua tai. Suti ya harusi imetolewa kwenye sanduku na inaning'inia mlangoni, na kila jirani anayepita anaiuliza suti habari zake. Mathieu na mke wake wanakuja pia, maana wanasema zawadi bila watu wa kupiga makofi ni kama imeibwa.

Kila jioni nakaa mbele ya Baba nikiwa na sentensi yangu tayari. Anasema, "Sema, mwanangu." Nasema, "Chumvi, Baba." Nimekula chumvi nyingi sana wiki hii.

Nikifukuzwa, atasikia akiwa amevaa tai.

Firmin


Kapolowe, tarehe 1 Novemba 1970

Kwa Bwana Prefe wa shule ya Firmin,

Unisamehe, mimi shule niliacha darasa la nne. Naitwa Hortense, mtoto wa shangazi yake Firmin. Yeye hajui kwamba nakuandikia.

Mwezi uliopita alitutumia barua ya kueleza namna ya kujiokoa na kimbunga. Tuliicheka. Mimi niliicheka kuliko wote.

Alhamisi iliyopita tulikuwa kwenye mashimo ya kulowekea mihogo, mimi, mama yangu na wanawake wengine. Wingu lilishusha mkia juu ya ziwa. Maji yakasimama kama nguzo, nguzo ikaanza kuja kwetu. Mama akasimama aitukane, hiyo ndiyo dawa yake. Alikuwa amekwisha kufika kwa babu wa kimbunga. Nikaona kibanda kinaruka, nikakumbuka maneno ya Firmin. Shimo letu tulikuwa tumelitoa mihogo na maji mengi. Nikamvuta Mama kwa kitenge, akaingia, nikalala juu yake, nikapiga kelele: "Lala! Lala! Funikeni kichwa!" Wengine wakalala kwenye mashimo yao.

Bwana Prefe, sijui kama umewahi kulala mahali palipolowekwa mihogo. Harufu ile haisikii sabuni. Lakini juu yetu kilipita chanja kizima cha kukaushia samaki, na mtumbwi wa jirani ukibingirika kama mkebe. Mama aliendelea kutukana shimoni, mdomo kwenye tope. Tulitoka wote wazima. Wanaume walikuwa wametoka ziwani mapema. Wanasema walichoka. Najua waliona mkia wa wingu, na wanaona haya kusema kwamba walisikiliza.

Kama mtoto huyu anafukuzwa kwa sababu alilala, mje Kapolowe mtufukuze na sisi. Ila hatuna mahali pa kufukuzwa.

Nakutumia samaki wakavu kwa mkono wa Mama Berthe. Si hongo. Ni wale ambao upepo ulituachia.

Hortense


Likasi, tarehe 7 Novemba 1970
Ofisi ya Prefe wa Masomo

Kwa mwanafunzi Firmin
Jambo: Uamuzi

Baraza la nidhamu limekutana asubuhi ya leo. Baba yako alihudhuria, pamoja na watu wawili ambao hawakuitwa na ambao walipiga makofi kila jina lako lilipotajwa, hata lilipotajwa kwa lawama. Jambo hilo liliathiri mjadala.

Barua ya binamu yako ilisomwa. Samaki walioambatana nayo walipokelewa kama vielelezo. Vimechunguzwa nyumbani kwangu na havipo tena.

Mtu wa chama alipinga sana, mpaka nilipomweleza kwamba mwananchi aliyepigwa na bati hawezi kusimama wima siku inayofuata, na kwamba shule hii inapenda kupandisha bendera kila siku. Alifikiri, kisha akaomba tu kwamba heshima ilindwe.

Kwa hiyo hufukuzwi. Kuanzia sasa, hatari ya namna ile ikitokea wakati wa bendera, mwenye kamba ataifunga kwanza, kisha shule yote italala kwenye mitaro. Italala kwa utaratibu, bila kuzungumza, vichwa vikielekea bendera.

Lakini kosa ulilolikiri mwenyewe haliwezi kuachwa. Ulijua na hukusema. Adhabu yako ni kusema. Jumamosi ijayo utasimama juu ya jukwaa mbele ya shule nzima na wazazi watakaopenda kuja, ueleze mambo yote ya kimbunga, kisha utoe amri ya kulala kwa sauti itakayofika mpaka barabarani. Sauti isipofika, utarudia Jumamosi zote mpaka mwisho wa mwaka.

Evariste, Prefe


Panda, Likasi, Jumapili tarehe 15 Novemba 1970

Hortense,

Sikujua kwamba ulimwandikia. Prefe alinionyesha barua yako. Niliisoma nikiwa nimesimama, na sehemu ya shimo niliisoma mara mbili, kwanza kwa hofu, halafu kwa kicheko. Mwambie Tantine kwamba kuutukana upepo akiwa amelala kitabu hakikukataza.

Siku ya baraza, tulipotoka, Baba alitembea mbele yangu mpaka tulipofika kwenye njia ya reli. Huko akafungua tai, akaikunja, akasema: "Kumbe walikuwa wanataka kukufukuza." Nikasema ndiyo, Baba. Akasema: "Na kila siku unaniomba chumvi." Halafu akacheka mpaka akakaa juu ya jiwe, na suti ile.

Jana alikuja tena na tai hiyo hiyo. Mathieu na mke wake walikuja. Mwenye baiskeli ya makala alikuja, sijui nani alimwambia. Germain alisimama kwenye kamba, na mshono wake sikioni, ambao anaonyesha wasichana.

Nilipanda jukwaani. Ni sanduku la sabuni lililopinduliwa. Shule yote ilikuwa inanitazama, mistari yote, na wazazi nyuma, na Prefe na miwani mipya. Nikaanza: "Kimbunga kikikukuta nje." Germain akasema, "Ongeza, kijana, hata kamba haisikii." Nikarudia. Mistari ya mbele ikasikia, ikageuka kuwaambia ya nyuma, na ya nyuma ikauliza, "Kimbunga kimemkuta nani?" Ikawa hivyo sura nzima: mimi nanong'ona, wao wanapelekeana, na nilipofika kwenye maneno ya daraja, wa nyuma walikuwa bado kwenye yale ya mti.

Ikafika amri. Nikatafuta sauti, nikaona haipo. Prefe akachomoa kalamu, nikaelewa kwamba anahesabu Jumamosi. Hapo nikaona sikio la Germain. Sikufikiri kitu kingine. Nikafungua mdomo, na kikatoka kitu kama jogoo mchanga aliyekanyagwa:

"LALENIII!"

Ilifika barabarani. Ilipita barabara. Germain akafunga kamba, akalala. Mistari yote ikaingia mitaroni. Walimu wakalala. Prefe akatoa miwani, akaitia mfukoni, akalala vizuri sana, kichwa upande wa bendera. Mathieu na mke wake wakalala. Baba akalala na suti ya harusi. Huko barabarani mwenye baiskeli ya makala akalala kando ya magunia yake. Uwanja ukawa kimya, hata sauti ya kiwanda ilikuwa inasikika.

Na mimi, Hortense, nilibaki nimesimama juu ya sanduku.

Sauti ya Prefe ikatoka mtaroni: "Firmin! Wote tumelala. Na weye?"

Sikulala. Kwa hiyo nimepewa barua nyingine ya kuombwa maelezo: kwa nini nilisimama wakati shule nzima imelala. Natakiwa kujibu kesho. Safari hii sikujaza karatasi mpaka pembeni. Nimeandika mstari mmoja:

"Bwana Prefe, ilikuwa mara ya kwanza nimesimama mbele ya watu na hakuna anayenitazama."

Firmin